Nani Anafungua Kamba za Turubai Letu?

Alhamisi, baada ya magharibi. Joto la kaskazi limeukalia mji, na hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Nimeoga mara mbili na bado shati limenishika mgongoni.

Leo nilikuwa nimekusudia kuandika jambo jingine. Nilikwisha kulipanga kichwani tangu juzi: mashtaka dhidi ya jirani yangu, yenye mwanzo, ushahidi na hitimisho. Ningewaeleza wasomaji wangu wachache jinsi mzee anavyohamishwa kidogo kidogo, kwa adabu, bila mtu kupandisha sauti. Ilikuwa insha nzuri. Hata sentensi ya mwisho nilikuwa nayo.

Sitaiandika. Nitaandika lililotokea.

Nianze na turubai lenyewe. Dada yangu Shamsa ni mkubwa wangu, na katika watoto wa mama yetu tumebaki yeye na mimi. Mwaka jana baada ya mfungo kiharusi kilimpiga kikamlegeza upande wa kushoto, mkono na mguu. Alipotoka hospitali niliamua akae darini. Nyumba tuliyopanga iko katika kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu. Chini ni ghala la mtu, juu ya ghala ni vyumba vyangu viwili vya giza na fukuto, na juu yangu ni dari: sakafu wazi yenye ukuta wa kufika kifuani, na pembeni chumba kimoja chenye choo chake. Chumba hicho kinapata hewa. Wachukuzi wawili wa mkokoteni walimpandisha akiwa ameketi kitini, mmoja akinong'ona dua kila walipokata kona ya ngazi. Tangu siku hiyo Shamsa hajashuka.

Niliona nimemtendea wema.

Chumba kilikuwa na hewa, lakini nje yake hapakaliki. Sakafu ile ikishapigwa na jua la adhuhuri huwezi kuikanyaga bila viatu. Nikasema nitamtandazia kivuli, awe na mahali pa kukaa nje hata kama hawezi kutoka.

Sikutaka turubai la plastiki. Sisi ni watu wa Barawa, mji wa pwani ng'ambo ya mpaka. Tulikuja Mombasa kwa kukimbia, vita vilipofika kwetu, na tulipofika tuliwekwa kambini chini ya maplastiki, tukaambiwa ni kwa muda. Huo muda nimeshausahau ulikuwa mrefu kiasi gani, lakini ile plastiki sijaisahau. Mvua ikiipiga huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Ikichemka kwa jua hutoa harufu, na mimi harufu hiyo naijua kuwa ni harufu ya kupanga foleni ya maji. Nimeishi kisiwani humu miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na bado nikipita duka lenye plastiki za rangi ile navuka upande wa pili wa barabara.

Basi nikaenda nyuma ya Biashara Street, ambako kwenye uchochoro mmoja, ukishayapita maduka ya leso, yupo fundi anayeshona maturubai ya lori. Akanitolea moja la kitambaa kizito cha kijani, kuukuu lakini zima.

"Hili, mzee wangu, limekwenda Kampala likarudi. Limeona dunia kuliko mimi na wewe."

Nikamwambia ninataka lililochoka kusafiri. Akacheka, akaahidi kulitia pete za chuma kila upande ili nipate pa kupitisha kamba.

Nililifunga mwenyewe. Upande mmoja niliukaza kwenye vyuma vya ukuta wa chumba, upande wa pili kwenye boriti mbili nilizozisimamisha ndani ya madebe ya saruji. Upande wa magharibi niliushusha chini kabisa mpaka ukagusa ukuta, ili jua la alasiri lisipenye, wala jicho la jirani. Nikakiweka kiti cha Shamsa katikati. Nikarudi nyuma nikatazama kazi yangu. Shamsa naye aliitazama, asiseme kitu. Nikadhani amefurahi mpaka amekosa la kusema.

Mambo yakaanza baada ya hapo.

Niseme kwamba katika maisha yangu ya kazi nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kupiga chapa. Kazi yangu ilikuwa kuona kitu kilichosogea. Nukta iliyohama, herufi iliyogeuka. Jicho la namna hiyo halistaafu. Siku moja nilipopeleka chai ya alasiri niliona kwamba upande wa magharibi wa turubai umepanda shibiri moja. Nikadhani nimekosea mwenyewe. Nikaufungua nikaushusha. Kesho yake umepanda tena.

Na fundo halikuwa langu.

Mimi hufunga fundo la kuzungusha mara mbili na kuacha kitanzi, ukivuta linafunguka. Hili lilikuwa fundo dogo, gumu, lililobana kama ngumi ya mtoto, na ncha ya kamba ilikuwa na unyevu na imechanikachanika. Nikasema panya. Nikatega mtego, ukanasa kandambili yangu. Halafu nikajiuliza ni panya gani anayetafuna kamba kisha akaifunga.

Nikamuuliza Shamsa. Tangu augue maneno yake hutoka taratibu, kama mtu anayeyapima kabla ya kuyatoa.

"Upepo," akasema.

Wiki nzima hapakuwa na upepo.

Sasa naomba unielewe, ewe usomaye. Mtu aliyehamishwa hana mzaha na vitu vidogo. Tumehamishwa kambini. Tumehamishwa nyumba ya kwanza tuliyopanga, na ya pili pia, na kila mara aliyetangulia hakuwa askari wala mwenye barua. Alikuwa mtu mpole mwenye futi ya kuvuta. Anasalimu, anauliza hali, anapima ukuta, anaondoka. Baada ya miezi michache unafunga mizigo.

Na katika siku hizo hizo nilimwona mtu mwenye futi.

Alikuwa kwenye dari ya jirani. Nyumba hiyo imetenganishwa na yetu na kichochoro ambacho ukinyoosha mkono hukosa kidogo tu kugusa ng'ambo. Ni ya Bwana Salmini, mfanyabiashara wa vinyago na vitu vya watalii hapo Ndia Kuu, ambaye ukoo wake ulitoka Hadhramaut vizazi vingi nyuma na umekaa mji huu mpaka mawe yanaujua. Ni mtu wa maneno mazuri. Huniita Ami, kama ndugu wa baba yake. Kila Idi hutuletea sahani ya halua yenye lozi. Nilimwona yeye na fundi wake, fundi kashika futi juu ya ukuta, Bwana Salmini anaonyesha kwa kidole. Kidole kilikuwa kinaonyesha upande wetu.

Tangu hapo kila kitu kikaingia mahali pake. Kwa nini mtu apande dari yetu kwa siri na kulegeza turubai? Ili liharibike. Kwa nini liharibike? Ili mgonjwa asiweze kukaa nje. Na mgonjwa akishindwa kukaa nje, na chini kwangu ni tanuri, mzee atasema mwenyewe: tuhame. Nani atakayeichukua dari hii, na kujenga juu yake, na kuunganisha nyumba mbili kwa daraja la mbao kama wanavyofanya siku hizi wenye vyumba vya wageni?

Niliyaona yote. Niliona hata rangi watakayoyapaka madirisha.

Salamu za Bwana Salmini zikaanza kunikera. Akisema "Ami, umelalaje?" mimi nasikia anauliza nitalala hapa mpaka lini. Halua ya Idi nayo nikaikumbuka upya. Nani humpa mpangaji mzee halua ya lozi kila mwaka bila haja?

Sikuishia kwake. Yupo Mama Saumu, Mdigo wa ng'ambo ya Likoni. Huvuka Feri alfajiri, huja kwetu akamwosha Shamsa na kumkalisha kitini, kisha huenda kazini kwake kwenye duka la leso Biashara Street, na jioni hupita tena kumrudisha kitandani kabla ya kuvuka kwenda kwake. Siku moja niliona mkono wa Shamsa, kiwiko cha kushoto, una alama ya zambarau. Nikamuuliza Shamsa, akauvuta mtandio ukafunika. Nikamtazama Mama Saumu, naye akatazama chini.

Sikumwambia neno. Ila nikaanza kukaa juu kwenye kizingiti cha mlango kila anapofanya kazi yake, na gazeti mkononi ambalo silisomi. Ninavyoandika haya uso unanichoma.

Nikakata shauri kumkamata mwizi wa kamba.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mji huu halihitaji kuelezwa. Mwanamume hapandi darini bila kubisha hodi. Madari yetu yanatazamana. Alasiri ni saa za wanawake: wanaanika nguo, wanasukana, wanakaa vichwa wazi na leso moja. Basi mwanamume husimama chini ya ngazi akaita, akakohoa, akapanda taratibu na miguu ikisikika, ili kila mwanamke wa jirani apate nafasi ya kujisitiri au kuingia ndani. Baba yetu alikuwa hivyo, na mimi ni hivyo. Toka siku ya kwanza ya kukaa nyumba hii sijawahi kupanda pale bila kusema: "Hodi darini, mwanamume anapanda."

Mimi nikafikiri: hodi yangu ndiyo inayomwokoa mwizi. Nikiita, anaruka ukuta. Nikifika, hayupo.

Basi leo sikuita.

Nilingoja mpaka baada ya alasiri. Nikavua viatu. Nikapanda nikishika ukuta, nikikanyaga pembeni ambako mbao hazilii, kama kijana anayetoroka nyumbani. Nilikuwa na fimbo yangu. Sijui nilitaka kumfanyia nini Bwana Salmini kwa fimbo ile.

Nikachomoza kichwa.

Shamsa alikuwa amesimama.

Amenipa mgongo, kichwa wazi, msokoto mmoja wa nywele nyeupe umemlalia begani. Ubavu wa kushoto ameuegemeza ukutani. Mkono wa kulia umeinua ukingo wa turubai, na ncha ya kamba ameiuma kwa meno. Anavuta kwa meno, anapitisha kwa vidole, anavuta tena. Lile fundo dogo gumu. Baba yetu alikuwa mshona makubadhi, viatu vya ngozi vya kwetu, na Shamsa msichana ndiye aliyekuwa akimfungia nyuzi kwa meno, huku mkono mmoja umeshikilia ngozi. Nilikuwa nimelitazama fundo la baba yangu siku zote hizo nikaliita la panya.

Ng'ambo ya kichochoro, mbele yake kabisa, alikuwapo Bi Nuru, mke wa Bwana Salmini. Leso kifuani, kichwa kizima kimepakwa hina mbichi, mikono imeshika ukuta, anamtazama Shamsa kama mtu anayemtazama mtoto akipiga hatua. Kisha macho yake yakampita begani yakakutana na yangu.

Hakupiga kelele. Alishuka nyuma ya ukuta wake kwa haraka, na beseni likaanguka.

Nami sikuwaza juu ya Bi Nuru. Niliona mguu wa Shamsa unatetemeka, nikapiga hatua mbili na mikono mbele.

"Usinishike," akasema, kamba ikiwa bado mdomoni.

Hakugeuka. Alijua ni mimi. Nikasimama pale pale katikati ya sakafu, fimbo mkononi, miguu inaungua, nikamtazama dada yangu akimaliza kazi yake. Alikaza fundo. Akalijaribu kwa kidole. Kisha akageuka kwa kuusogeza mguu mzima na kuuvuta ule mwingine, akafika kwenye kiti, akageuka tena, akakaa. Ilichukua muda mrefu sana. Hakuna mtu aliyemsaidia.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu uliponijengea kambi."

Nilipotazama niliona. Nilisimama kando ya kiti chake nikaona anachokiona yeye. Kitambaa juu, kitambaa mbele, kitambaa kando. Nilikuwa nimekataa plastiki, nikachagua rangi nyingine, kisha nikatengeneza hema lile lile. Alichokiinua yeye ni ukingo tu, shibiri moja, kiasi cha kuona dari ya Bi Nuru na kipande cha kichochoro chini.

Nikamwambia angeniambia, ningelinyanyua.

"Ungenyanyua," akasema. "Lakini nikikwambia nasimama, utaniambia nikae."

Nikasema angeweza kuanguka.

"Nimeanguka."

Akaufunua mkono. Ile alama ya zambarau sasa imekuwa manjano. Akanieleza kwa maneno yake ya kupimwa kwamba alianguka siku ya tatu ya kujaribu, akalala pale sakafuni, na Bi Nuru ng'ambo ndiye aliyemwelekeza ajigeuze upande wa nguvu, apige goti, ashike kiti. Bi Nuru alitaka kuniita, yeye akamwapisha asiniite. Mama Saumu aliyajua yote, ndiye anayemnyoosha mguu kila asubuhi. Mimi nilipobisha hodi chini ya ngazi, nilikuwa nampa muda wa kurudi kitini na kujifunika mtandio. Kila alasiri. Nilikuwa naibisha hodi ile kwa heshima ya wake za watu, na aliyekuwa akiitegemea ni dada yangu.

Kumbe katika kichochoro hiki kizima aliyekuwa hajui ni mmoja.

Mara ikatoka sauti nyuma ya ukuta wa ng'ambo.

"Bi Shamsa. Huyo mwanamume keshashuka?"

"Bado."

"Basi mwambie ashuke. Hina inanikaukia usoni."

Nikashuka. Nilishuka vibaya kuliko nilivyopanda, fimbo niliisahau juu, na nilipofika chini nilikaa kwenye ngazi ya mwisho. Baada ya kitambo nikasimama, nikaita kama inavyopasa: hodi darini. Shamsa akajibu kutoka juu: "Ngoja." Nikangoja. Hajawahi kuningojesha hivyo. Nashuku alikuwa amekaa tu.

Sasa lilibaki la Bwana Salmini. Mtu akipanda darini kimya akamwona mke wa mtu kichwa wazi, hangoji kuitwa. Nilivaa kanzu, nikaenda dukani kwake kabla ya magharibi. Njiani nilijaribu kupanga maneno na nikagundua kwamba maneno yote niliyokuwa nayo juu yake ni ya kumshtaki.

Alikuwa amekaa kati ya vinyago vyake, simu mkononi. Alinivutia kigoda.

"Karibu, Ami. Habari imekutangulia."

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Nikaeleza kwamba nilikuwa namvizia mwizi. Hakuuliza mwizi gani, nami namshukuru kwa hilo.

"Mimi nilidhani kwa umri wako macho yameshapumzika," akasema. Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, naye akaacha. Akasema kwa sauti ya chini, asisikiwe na mteja aliyekuwa anageuza geuza sinia la shaba mlangoni: "Nyumba ile ina wasichana watatu, Ami. Leo ilikuwa mama yao."

Nikamwambia najua. Nikamwambia haitatokea tena, nikaapa, na mimi si mwepesi wa kuapa. Akakubali. Akaniletea kahawa. Nikainywa, ikiwa chungu kama ninavyoipenda, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi sikujiuliza kwa nini nimepewa.

Nilipotaka kuondoka akanizuia.

"Na mie nina lako, Ami. Nimekuwa naona haya kuuliza. Lile turubai mmelipata wapi?"

Mke wake, akasema, amelitaka tangu siku lilipotundikwa. Si la plastiki, anataka kama lile lile, la kijani, zito. Alimleta fundi apime dari yao, na fundi akataka kujua letu limefungwa vipi, ndipo akawa anamwonyesha kwa kidole. Alitamani aje ajionee mwenyewe lakini aliona nina uso wa kukasirika siku hizi, akadhani nimefikwa na jambo.

Nikamwelekeza kwa fundi wa nyuma ya Biashara Street. Nikamweleza na namna ya kusimamisha boriti.

Nimemwamini? Robo tatu. Kwa nini mtu anayetaka turubai apime na urefu wa ukuta? Lakini nimejikanya. Robo ile nimeiacha pale pale dukani, na ikinifuata nyumbani sitaifungulia.

Mama Saumu alikuja jioni kama kawaida. Sikukaa kwenye kizingiti. Nilimngoja ashuke, nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu juu ya kiwiko kile, maana niliona heri aambiwe na mimi kuliko aendelee kuyajua bila kuambiwa.

"Nilijua, mzee," akasema huku anafunga leso yake. "Ulikuwa unanitazama kama askari wa Feri anavyotazama mkoba."

Nikamwomba anisamehe. Akasema angekasirika zaidi kama nisingeangalia, kwa sababu nyumba nyingine anazozijua hakuna anayeangalia. Kisha akasema kinachomuudhi si kushukiwa, ni lile gazeti. "Ulikuwa umelishika juu chini, mzee." Akaenda zake kuwahi kivuko.

Nilidhani siku imekwisha. Nikabisha hodi, nikangojeshwa, nikaruhusiwa, nikapanda na uji wa Shamsa. Turubai lilikuwa limeinuliwa upande wote wa magharibi, si shibiri tena bali limekunjwa mpaka juu. Mama Saumu ndiye aliyelikunja, kwa amri. Mwanga wa mwisho ulikuwa umeingia mpaka mlangoni mwa chumba. Nilitaka kusema juu ya jua la kesho, nikameza.

Shamsa alikuwa amekataa kulazwa mapema; akala kitini. Akaniuliza nimemwambia nini Bwana Salmini. Nikamweleza.

"Huyo ni mume. Na mwenyewe?"

Nikasema nimemwomba radhi mumewe, inatosha. Akatikisa kichwa. Aliyeonekana ni Bi Nuru, na Bi Nuru ndiye wa kuombwa. Nikasema siwezi kwenda kukaa mbele ya mke wa mtu peke yangu, hata yeye anajua. Akaniambia sitakwenda peke yangu. Dada mtu huandamana na nduguye katika mambo kama hayo, na ndiye anayesema kwa niaba yake. Kwetu ilikuwa hivyo na hapa ni hivyo.

Nikamwambia tutamwomba Bi Nuru avuke kichochoro, apande kwetu.

"Mkosaji hamwiti aliyekosewa," akasema. "Nitashuka."

Nikasema nitawatafuta wachukuzi, wale wale wawili na kiti chao.

"Sikupanda kwa miguu yangu," akasema. "Kushuka nitashuka kwa miguu yangu."

Nilimpa sababu zote. Ngazi ni kali, kona ni giza, hakuna pa kushika upande wa kushoto, na kushoto ndiko alikolegea. Nilizipanga vizuri, nilikuwa msahihishaji hodari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia tutakwenda kesho baada ya sala ya Ijumaa, Bi Nuru ameshapewa habari, na mimi nitasimama chini, kwenye mlango wangu, si nyuma yake wala mbele yake. Atashuka kwa kukaa pale patakapomshinda. Mama Saumu ataomba ruhusa dukani aje awe juu. Mimi nisimwite, nisimharakishe, na nisimshike mpaka aseme.

Nikamuuliza je, akianguka?

"Nitakuita," akasema. "Tena utasikia. Wewe siku hizi una masikio."

Sijui kama nimekubali. Najua tu kwamba sikukataa.

Naandika haya nikiwa nimekaa chini ya ngazi, mlango wazi, taa imewashwa mpaka kwenye kona. Kabla ya kukaa nilizipita zote kwa kiganja, ubao mmoja baada ya mwingine, na juu yangu nilisikia kiti kikisogea, halafu mguu mmoja, halafu mwingine ukiburutwa, halafu kimya cha mtu aliyesimama. Sikuita. Ubao wa pale konani ulikuwa unacheza. Nimeutia misumari miwili, nikaukanyaga, nikauruka, haukusogea hata kidogo.

Bado naushuku.